Majivu ya Pumba za Mpunga, Miwa, Michikichi au Magunzi: Yapi Yaingie Kwenye Zege Lako?

Unajenga, na karibu nawe kuna kinu cha kukoboa mpunga chenye lundo la pumba. Au una karakana ya matofali ya saruji, na kiwanda cha sukari kimekuambia uje uchukue majivu bure. Umesikia kwamba majivu ya mabaki ya mazao yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji, lakini kila unayemuuliza anakutajia majivu yake na asilimia yake. Hapa nalinganisha aina nne zilizofanyiwa utafiti wa kutosha: majivu ya pumba za mpunga, ya makapi ya miwa, ya mabaki ya michikichi, na ya magunzi ya mahindi. Zote nazipitisha kwenye vigezo vilevile.

Jambo lenyewe lina uzito. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo kwenye tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka hapo haitokani na makaa yanayochochea moto. Inatoka kwenye jiwe lenyewe likiungua. Ndiyo maana saruji peke yake inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kila kilo ya klinka, yaani vile vipande vigumu vinavyotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, tunayoiacha ina maana. Ila zege bovu linalobomolewa na kumwagwa upya halijaokoa chochote, kwa hiyo uchaguzi huu lazima ufanywe kwa vipimo.

Majivu yanafanya kazi gani ndani ya zege

Saruji ikikutana na maji huzaa vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni jeli ya kalsiamu silikati, ndiyo gundi inayoshika mchanga na kokoto. Cha pili ni chokaa, yaani kalsiamu hidroksaidi, ambayo haiongezi nguvu ya maana na ndiyo hutangulia kuyeyuka maji yakipenya. Majivu yenye silika hai (silika ni madini yaleyale yaliyo kwenye mchanga; uhai wake nitaueleza hapo chini) huichukua chokaa ile na kuigeuza kuwa jeli zaidi ya aina ileile ya kwanza. Vitundu ndani ya zege huzibika, maji na chumvi hupata shida kupita. Kitu chenye tabia hii huitwa pozolana. Warumi walikuwa nayo tayari kwenye majivu ya volkeno, waliyochanganya na chokaa kujengea kuta na bandari zilizosimama hadi leo.

Hapa pana mambo mawili ya kushika. Majivu hayajitegemei: yanasubiri chokaa kutoka kwenye saruji, kwa hiyo huanza kazi polepole. Na yakiwa mengi kuliko chokaa iliyopo, yanayobaki ni vumbi tu lililokaa ndani ya zege.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni silika, na si wingi wake tu. Silika ikiungua kwa joto la wastani hubaki bila fuwele, na hiyo ndiyo hai. Ikizidiwa na moto hujipanga kuwa fuwele na kulala. Karatasi ya maabara itaonyesha asilimia 90 ya silika, lakini zege halitaona faida yake. Cha pili ni kaboni, yaani mabaki ambayo hayakuungua yakaisha. Hupimwa kwa kuangalia uzito unaopotea sampuli ikichomwa tena. Kaboni hunywa maji, na hunywa pia kemikali za kulainisha zege. Cha tatu ni potasiamu na kloridi. Potasiamu ni mojawapo ya alkali, na ikiwa nyingi inaweza kuchochea mgongano kati ya alkali hizo na kokoto za aina fulani, zege likavimba na kupasuka baada ya miaka. Kloridi hula nondo. Cha nne ni usagaji, cha tano ni kiu ya maji, na cha sita ni upatikanaji: unapata kilo ngapi, na je, mzigo wa leo unafanana na wa mwezi ujao?

Kipimo kinachotumika sana kulinganishia ni kiwango cha Marekani, ASTM C618. Kiliandikwa kwa ajili ya majivu ya makaa ya mawe na pozolana asilia, si kwa majivu ya mashambani, lakini watafiti hukitumia kwa kukosa kingine cha kawaida. Kwa pozolana asilia kinataka jumla ya silika, oksidi ya alumini na oksidi ya chuma ifike angalau asilimia 70. Uzito unaopotea kwa moto usizidi asilimia 10. Na yanayobaki juu ya chekeche la mikroni 45 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) yasizidi asilimia 34.

1. Majivu ya pumba za mpunga

*Yaliyomo.* Mpunga hufyonza silika kutoka ardhini na kuirundika kwenye ganda. Pumba ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na zikiungua zinaacha majivu ya kama asilimia 20 ya uzito wao. Majivu hayo huwa na silika ya asilimia 85 hadi 95. Hakuna zao kubwa linaloyakaribia. Potasiamu ipo, lakini kidogo ukilinganisha na majivu mengine hapa.

Tufanye hesabu. Tani moja ya mpunga inatoa kilo 200 za pumba, nazo zinatoa kilo 40 za majivu. Meta moja ya ujazo ya zege lenye kilo 320 za saruji, ukitoa asilimia 10, inahitaji majivu kilo 32. Kwa maneno mengine, karibu kila tani ya mpunga inayokobolewa ina majivu ya kutosha meta moja ya zege. Na dunia huvuna zaidi ya tani milioni 700 za mpunga kila mwaka.

*Moto na usagaji.* Hapa ndipo majivu haya yanapofaulu au kuharibika. Chimbua lundo la pumba lililoachwa liungue lenyewe: juu utakuta meusi, ndani ya kijivu, na pale moto ulipokolea na kukaa muda mrefu, meupe, wakati mwingine yenye wekundu wa mbali. Meusi yamejaa kaboni. Ya kijivu mara nyingi ndiyo unayoyataka. Meupe yanaweza kuwa mazuri kabisa au yakawa yameshageuka fuwele, na jicho peke yake haliwezi kutofautisha. Mpaka unaotajwa kwa kawaida ni karibu nyuzi 700: chini yake, kwa muda wa kutosha kuunguza kaboni, silika hubaki hai; juu yake, hasa moto ukidumu, fuwele za kristobaliti huanza. Katika miaka ya 1970 Profesa P. Kumar Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kwamba ukiudhibiti moto huu unapata pozolana kali sana, na kazi nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya hoja hiyo.

Zile fuwele zina hatari nyingine. Vumbi la kristobaliti likivutwa pumzi huharibu mapafu, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayesaga au kuchekecha majivu avae barakoa ya vumbi inayobana uso, na kazi ifanyike penye hewa. Kitambaa puani hakitoshi.

*Ndani ya zege.* Ukiiweka chembe moja chini ya hadubini utaona imejaa matundu kama sega la nyuki. Eneo la ndani la gramu moja linaweza kufika makumi ya meta za mraba, wakati saruji huzunguka meta moja ya mraba au chini yake. Uzuri wake ni kwamba majivu hutenda haraka. Ubaya wake ni kiu: zege linakauka mkononi, na fundi anaongeza maji bila kuuliza. Maji hayo ya ziada ndiyo yanayoua nguvu, halafu lawama zinakwenda kwa majivu. Dawa yake ni kemikali ya kulainisha zege, au kupunguza asilimia ya majivu. Kusaga pia husaidia, kwa kuwa baadhi ya matundu huvunjika.

Yakiungua vizuri na kusagwa, kiwango cha asilimia 10 hadi 20 kinaweza kutoa zege lenye nguvu sawa na la saruji tupu kwa siku 28, au kulizidi. Faida kubwa zaidi ni kwenye kuzuia kloridi, jambo linalotafutwa na kila anayejenga karibu na bahari. Kanuni ya India ya zege, IS 456 ya mwaka 2000, inayataja majivu haya kwa jina na kuruhusu yatumike kwa idhini ya mamlaka inayohusika. Si majivu mengi ya mashambani yaliyofika hapo.

*Yanamfaa nani.* Mwenye uwezo wa kudhibiti moto, au anayeyapata kwenye kiwanda kinachochoma pumba kwenye tanuri linalosimamiwa. Mwenye lundo lililojiunguza anaweza kuyatumia pia, ila kwenye kazi nyepesi na kwa asilimia ndogo.

2. Majivu ya makapi ya miwa

*Yaliyomo.* Silika huwa kati ya asilimia 55 na 80 hivi, lakini tarakimu hiyo inadanganya kidogo. Muwa unapovunwa hubeba udongo na mchanga wa shambani, na mchanga huo unapita kinuni hadi kwenye boila. Sehemu ya silika unayoisoma kwenye ripoti ni mchanga wa kawaida, wenye fuwele, usiotenda kitu zaidi ya kujaza nafasi. Kaboni nayo huwa nyingi, kwani makapi huingia motoni yakiwa na unyevu wa karibu nusu ya uzito wake.

*Moto na usagaji.* Hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaioni: moto umeshawashwa. Viwanda vya sukari huchoma makapi kupata mvuke na umeme, kwa hiyo huchomi kitu kwa ajili ya majivu. Shida ni kwamba boila inaendeshwa kwa ajili ya mvuke, na ubora wa majivu haumo kwenye hesabu za anayeisimamia. Joto hupanda na kushuka, na majivu ya chini ya boila hayafanani na yale yanayonaswa kwenye bomba la moshi. Usikubali yachanganywe kabla hujapima kila moja peke yake.

Watafiti wa India wamependekeza njia rahisi inayonivutia kwa sababu haihitaji tanuri jipya. Vipande ambavyo havikuungua ni vinyuzi virefu na vyepesi. Ukipitisha majivu kwenye chekeche la mikroni 300, vinyuzi hivyo vyenye kaboni hubaki juu na majivu mazuri hupita. Kisha yaliyopita yanasagwa hadi ulaini wa saruji. Kaboni ikizidi hata baada ya hapo, majivu huchomwa tena kwenye nyuzi 600 hadi 700.

*Ndani ya zege.* Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20. Siku za mwanzo zege huwa nyuma ya lile la saruji tupu, kisha hulifikia. Joto linalotoka saruji ikishika hupungua, na hilo ni jema kwa misingi minene ambayo hupasuka kwa sababu ya joto la ndani.

*Yanamfaa nani.* Aliye jirani na kiwanda cha sukari, anayehitaji mzigo mkubwa na wa mara kwa mara: mtengeneza matofali, vigae vya saruji vya njia za miguu, mabomba ya zege. Tani ya miwa haiachi majivu mengi, ni kama kilo 6 tu, lakini kiwanda kinachosaga tani 5,000 kwa siku kitakuwa na takriban tani 30 za majivu kila jioni. Mtu anayejenga nyumba moja hawezi kununua kinu cha kusagia kwa ajili hiyo, na yakiwa hayajasagwa hayamfai.

3. Majivu ya mabaki ya michikichi

*Yaliyomo.* Viwanda vya mafuta ya mawese huchoma nyuzi, vifuu na wakati mwingine mikungu iliyokwisha kupukuchuliwa. Malaysia na Indonesia ndizo zenye malundo makubwa zaidi, na sehemu kubwa ya utafiti imetoka upande huo wa dunia. Silika hucheza kati ya asilimia 45 na 65 au zaidi kidogo. Potasiamu ni nyingi, na huongezeka kadiri mikungu inavyozidi kwenye kuni, kwa sababu mkungu ndio unaobeba potasiamu nyingi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kiwanda liwe: unachoma nini hasa, na kwa uwiano gani?

*Moto na usagaji.* Boila hizi hufika nyuzi 800 hadi 1,000, joto linalotosha kuunda fuwele kiasi. Majivu ghafi ni mabaya. Chembe ni kubwa, zina matundu, na zimechanganyika na vipande vyeusi vya vifuu. Yakitumika hivyo hushusha nguvu karibu kwa kila asilimia unayoongeza. Yakisagwa sana, hadi chembe za mikroni 10 hivi, tabia hubadilika kabisa, na mabadiliko hayo ni makubwa kuliko kwenye aina nyingine tatu. Usagaji hapa si hiari.

*Ndani ya zege.* Yaliyosagwa vizuri hutumika kwa asilimia 10 hadi 30. Zege huchelewa kushika, kwa hiyo fomu zikae muda mrefu zaidi kabla ya kufunguliwa. Joto la ndani hupungua, na ukinzani dhidi ya salfeti, zile chumvi za udongo zinazokula misingi, huongezeka. Rangi huwa ya kijivu kizito. Kwenye ukuta unaoachwa bila plasta itaonekana.

*Yanamfaa nani.* Mradi wenye kinu cha kusagia cha kweli na mhandisi anayefuatilia potasiamu. Misingi mikubwa na kazi za chini ya ardhi ndiyo nyumba yake.

4. Majivu ya magunzi ya mahindi

Haya nayapenda kwa nia yake, kwa sababu mahindi yapo kila mahali na gunzi hutupwa ovyo. Ila nia haishiki kokoto, na sehemu hii itakuwa fupi.

*Yaliyomo.* Silika hufika asilimia 60 na kitu kwenye sampuli nzuri, lakini nyingine hushuka hadi chini ya 40. Potasiamu ni nyingi. Udongo, aina ya mahindi na namna ya kuchoma, vyote hubadilisha matokeo.

*Moto na usagaji.* Gunzi huungua kwa urahisi na kuacha majivu kidogo mno: kilo 100 huacha kilo 1 hadi 3 hivi. Rudi kwenye zile kilo 32 za meta moja ya zege. Unahitaji zaidi ya tani moja ya magunzi makavu, yakusanywe, yachomwe kwa moto usiozidi, kisha yasagwe. Kama hayachomwi tayari kwa kazi nyingine, kukausha nafaka kwa mfano, nguvu unayotumia ni kubwa kuliko saruji unayookoa.

*Ndani ya zege.* Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta nguvu kubwa zaidi kwenye asilimia 8, na hiyo ilipatikana baada ya siku 180. Siku za mwanzo zege lilikuwa dhaifu kuliko la saruji tupu, na ulaini wa zege bichi ulipungua kila majivu yalipoongezwa. Nisingezidisha asilimia 10.

*Yanamfaa nani.* Matofali ya kuta zisizobeba ghorofa, plasta, sakafu za nje. Na mtu mwenye subira.

Majivu ambayo hayamo kwenye orodha

Nimeacha mengine kwa makusudi. Majivu ya maganda ya kahawa na ya mabua mengi yana potasiamu nyingi kuliko silika. Majani makavu ya ngano yana silika nzuri, lakini yanaweza kubeba kloridi, na kwenye zege lenye nondo hilo peke yake linatosha kuyakataa hadi yapimwe. Majivu ya kuni za jikoni kwa kawaida ni kalsiamu na potasiamu zaidi ya silika. Yana faida shambani. Kwenye nguzo hayana kazi.

Soma mfuko wa saruji kwanza

Jambo hili husahaulika kuliko yote. Mifuko mingi madukani siku hizi si saruji tupu. Kwa mpangilio wa Ulaya, EN 197-1, mfuko ulioandikwa CEM I una klinka ya angalau asilimia 95. CEM II/A imeshapunguzwa kwa asilimia 6 hadi 20, CEM II/B kwa 21 hadi 35, na CEM IV/B inaweza kuwa na pozolana ya asilimia 36 hadi 55. Asilimia zote unazosoma kwenye tafiti, na nilizotaja hapo juu, kwa kawaida zinahesabiwa dhidi ya saruji tupu. Ukiongeza majivu asilimia 20 kwenye mfuko ambao kiwanda kimeshautia pozolana theluthi moja, chokaa haitoshi, na zege litabaki dhaifu. Kwa CEM II punguza matarajio na uanze na asilimia 5. Kwa CEM IV usiongeze kitu. Kiwanda kimeshafanya kazi hiyo kwa vipimo.

Kupima kabla ya kuamini

Pima kwa mizani, usipime kwa ndoo. Uzito mahususi wa saruji ni kama 3.15, wa majivu ya pumba kama 2.1. Kilo 10 za saruji zina ujazo halisi wa lita 3.2 hivi; kilo 10 za majivu, karibu lita 4.8. Na majivu yakiwa yametutumka kwenye ndoo tofauti huzidi hapo. Asilimia 10 kwa mfuko wa kilo 50 ni saruji kilo 45 na majivu kilo 5, basi.

Jaribio la maabara linaloitwa kipimo cha uhai wa pozolana ni rahisi kuelewa na linafaa kuigwa hata na karakana ndogo. Mchanganyiko wa kwanza huwa na saruji gramu 500, mchanga wa kawaida wa majaribio gramu 1,375 na maji mililita 242. Wa pili una saruji gramu 400, majivu gramu 100, mchanga uleule, na maji yanayotosha kuupa ulaini sawa na wa kwanza. Hutengenezwa michemraba, ikatunzwa kwenye unyevu, kisha kuvunjwa siku ya 7 na ya 28. Michemraba ya majivu ikifika asilimia 75 ya nguvu ya ile ya saruji tupu katika mojawapo ya siku hizo, majivu yamepita. Angalia pia maji uliyoongeza. Yakiwa mengi, majivu yana kaboni au hayajasagika, na hilo unalijua kabla hujapeleka sampuli kupimwa.

Kwa zege lenyewe, vunja michemraba siku ya 28, na tena siku ya 56 au 90. Anayehukumu siku ya 7 atayakataa karibu majivu yote, hata yaliyo mazuri.

Halafu maji ya kutunzia. Zege la majivu likikauka mapema, silika na chokaa haziwezi kukutana, na ulichobaki nacho ni zege lenye saruji pungufu. Funika na umwagilie siku 7 zisizopungua; 14 ni bora. Kama eneo lako la ujenzi halina maji ya uhakika, jibu lako limeshapatikana: tumia saruji tupu. Na kwenye zege lenye nondo, majivu yakizidi na utunzaji ukiwa hafifu, hewa ya ukaa hupenya haraka kuelekea kwenye chuma, kwa kuwa chokaa inayolinda nondo dhidi ya kutu imeshatumika.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama unajenga jengo lenye nguzo na mihimili inayobeba ghorofa, anza na mhandisi na kanuni za ujenzi za nchi yako, kisha majivu. Majivu ya pumba yaliyochomwa kwa tanuri na kusagwa ndiyo yenye rekodi ndefu zaidi hapa, hasa penye chumvi ya bahari. Kama hakuna anayeweza kukuonyesha karatasi ya vipimo vya mzigo huohuo unaouziwa, tumia saruji bila majivu kwenye nguzo na uyapeleke majivu kwenye sakafu.

Kama una karakana ya matofali au vigae na kiwanda cha sukari kiko karibu, majivu ya miwa yana hesabu nzuri: yapo tele, moto hulipii wewe, na chekeche na kinu kimoja vinatosha. Omba yale ya sehemu moja tu ya boila. Pima kila mzigo mpya kwa michemraba mitatu ya kila aina kabla haujaingia kwenye uzalishaji.

Kama unamwaga misingi minene au kuta za kuzuia udongo kwenye ardhi yenye salfeti, na unao uwezo wa kusaga hadi ulaini wa hali ya juu, majivu ya michikichi yanaweza kukubali asilimia kubwa kuliko mengine. Kokoto zako zipimwe kwanza kama zinagombana na alkali. Bila kinu, yaache.

Kama uko kijijini, una pumba na magunzi, huna kinu wala maabara, chagua pumba. Zichome kwa matabaka membamba badala ya lundo kubwa, moto uende polepole, tenga meusi, yaliyobaki yatwange na kuyachekecha kwa chekeche jembamba kuliko yote uliyonayo. Anza na asilimia 5 kwenye plasta au matofali, tengeneza matofali machache ya majaribio kando ya yale ya kawaida, uyatunze pamoja, na uyavunje baada ya mwezi. Yakikaribiana, panda hadi 10.

Na kama magunzi ndiyo pekee uliyonayo, yatumie kwanza kupikia au kukaushia nafaka. Majivu yatakayobaki, yakiwa ya kijivu na yamesagika, yatie kwenye plasta kwa asilimia 5.